Krediti za chuo kikuu katika somo la takwimu kwa mwanafunzi aliye bado sekondari: je, zina faida kwetu Dar es Salaam?

Mama wa Kimara aliuliza:

Habari zenu ndugu zangu. Naomba ushauri wa watu waliolipitia jambo hili, kwa sababu mimi ni mhasibu wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na habari za mifumo ya elimu ya nje nazijua kwa kusikia tu.

Binti yangu ana miaka 17 na ameanza mwaka wa kwanza wa A-level kwa mtalaa wa Cambridge katika shule moja ya binafsi hapa jijini. Anasoma Hisabati, Uchumi na Jiografia, na nia yake ni kusoma uchumi chuo kikuu. Tuna njia mbili mbele yetu na hadi sasa hatujui ni ipi itakayofunguka: akipata ufadhili wa kutosha atakwenda Marekani, ambako mama yake mdogo anaishi karibu na Chicago; asipoupata, atasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au kingine cha hapa nyumbani, na baba yake na mimi hatutaona kuwa amepungukiwa na kitu.

Mwezi uliopita wakala mmoja wa vyuo vya nje alialikwa shuleni kuzungumza na wazazi. Alitueleza kuwa mwanafunzi anaweza kufanya mtihani wa takwimu wa AP (Advanced Placement, mitihani ya Marekani ya kiwango cha mwanzo wa chuo kikuu) akiwa bado sekondari, akapewa krediti za chuo kikuu, yaani vipimo vya uzito wa masomo vinavyojumlishwa hadi kutimiza shahada, na kwamba akishazipata "anakuwa ameshamaliza sehemu kubwa ya mwaka wa kwanza". Ofisi yake inafundisha masomo ya jioni kwa miezi minane, na ada wanayoitaka inakaribia nusu ya ada ya muhula mzima wa shule. Binti amevutiwa sana. Baba yake anasema ni biashara ya watu wanaouza ndoto. Mimi niko katikati, na nimezoea kutolipa hati ya madai kabla ya kuona ilichokibeba.

Ninachotaka kujua kwanza ni iwapo kauli ile ya "sehemu kubwa ya mwaka wa kwanza" ni ya kweli. Halafu, ikiwa binti atabaki hapa nyumbani, je, chuo chochote cha Tanzania kitazitambua krediti hizo, au fedha yetu itakuwa imekwenda na maji? Na kama kuna njia nyingine ya kupata faida hiyohiyo bila kupitia kwa wakala, nitashukuru kuelekezwa.

Mrejea wa Sinza alijibu:

Shikamoo Mama. Nilisoma shahada ya kwanza ya uchumi katika chuo cha umma cha jimbo la Illinois, jimbo lenye jiji hilo la Chicago, kisha nikarudi nyumbani. Nitajibu kwa urefu kidogo, kwa kuwa neno "krediti" limewaponza wengi, nami nikiwemo.

Tuanze na hesabu ya wakala, ambayo wewe mhasibu haitakupa taabu. Shahada ya kwanza ya miaka minne Marekani kwa kawaida inahitaji krediti 120, yaani kama 30 kwa mwaka. Somo la utangulizi wa takwimu lina krediti 3, na katika vyuo vingine 4. Kwa hiyo mwanafunzi aliyefaulu AP ya takwimu, na akakubaliwa na chuo chake, amepunguza takriban sehemu moja ya kumi ya mwaka wa kwanza. Kuiita hiyo "sehemu kubwa" kunahitaji ujasiri wa aina yake. Tena ujihadhari na namba 120, kwa maana krediti za kwetu ni kipimo kingine kabisa: Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania inahesabu krediti moja kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na shahada ya miaka mitatu inabeba angalau krediti 360, yaani 120 kwa kila mwaka. Asiyeuliza ni krediti za wapi anaweza kudhani kwamba shahada nzima ya Marekani inalingana na mwaka mmoja wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. (Wazee wetu nao bado wanaita "krediti" ile alama ya C ya Kidato cha Nne, lakini hiyo tuiache.)

Sasa mtihani wenyewe. AP inaendeshwa na College Board, taasisi ileile inayosimamia SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani. Mtihani wa takwimu ulifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1997 ukiwa na watahiniwa wasiofika 8,000, na miaka ya karibuni wanazidi 200,000 kila mwaka. Hufanyika mwezi Mei, na matokeo hutoka Julai yakiwa kwenye ngazi ya 1 hadi 5, ambapo 5 ndiyo ya juu. Ngazi ya 3 huhesabiwa kuwa ni kufaulu, lakini kufaulu mtihani na kupewa krediti ni mambo mawili, na hapo ndipo mawakala wengi wanapopita haraka. College Board haitoi krediti hata moja. Inatoa alama tu. Krediti inatolewa na chuo kinachompokea mwanafunzi, na kila chuo kina kanuni zake.

Nitoe mifano mitatu. Mfumo wa University of California unampa krediti za kuhesabika kwenye shahada yeyote aliyepata 3 na kuendelea katika AP ya takwimu. MIT, chuo maarufu cha teknolojia, haitoi krediti yoyote kwa mtihani huo, hata ukipata 5. Illinois, alipo mama mdogo, sheria ya jimbo iliyopitishwa mwaka 2015 inavitaka vyuo vya umma vimpe krediti mwenye 3 au zaidi, ila chuo chenyewe ndicho kinachoamua kama krediti hiyo itaingia kwenye masomo ya hiari, masomo ya msingi ya jumla, au masomo ya fani. Vyuo binafsi vya Chicago haviguswi na sharti hilo na vina taratibu zake.

Tofauti hiyo ya mwisho ndiyo iliyonipata mimi. Niliingia nikiwa na alama ya 4, nikapewa krediti 3 za takwimu, nikafurahi. Nilipofika mwaka wa pili idara ya uchumi ikaniambia kuwa kwa mkondo niliouchagua wanataka somo la takwimu linalotumia kalkulasi, na kwamba krediti zangu zitakaa upande wa masomo ya hiari. Sikuzipoteza, lakini somo la takwimu nililisoma tena. Kwa hiyo swali la kuwauliza si "je, mnakubali AP?" pekee; waulize pia "kwa mwanafunzi wa uchumi, inachukua nafasi ya somo gani?"

Kuhusu fedha, jambo hili nalo wakala hakulisema. Mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya F-1 anatakiwa asome kwa muda wote, na kwa shahada ya kwanza hiyo humaanisha angalau krediti 12 katika kila muhula. Hawezi kusema kuwa kwa sababu ana krediti 3 mkononi, basi muhula huu atasoma masomo mawili na kulipa kidogo. Vyuo vingi pia hutoza ada moja kwa muhula kwa yeyote anayesoma muda wote. Kwa hiyo krediti 3 zinamwokolea fedha pale tu zinapojumlishwa na nyingine hadi akamaliza muhula mzima mapema. Faida iliyo ya karibu zaidi ni nafasi: anapata pengo la somo moja, analijaza kwa somo analolitaka.

Kwa upande wa hapa nyumbani jibu langu ni fupi. Vyuo vyetu vinadahili kwa alama za ufaulu za masomo mawili ya A-level au stashahada inayokubalika. Alama ya AP haihesabiki kuwa ufaulu wa somo la A-level, na sijawahi kukutana na mtu aliyesamehewa somo la takwimu Mlimani kwa sababu yake.

Fundi Takwimu wa Kigamboni alijibu:

Naongeza moja la utaratibu. Kufanya mtihani wa AP hakuhitaji kuwa umesoma darasa lolote rasmi la AP. Mtahiniwa wa kujitegemea anaruhusiwa. Kinachohitajika ni shule iliyosajiliwa kuuendesha mtihani, ikubali kukupokea na ikuagizie mtihani kabla ya tarehe ya mwisho, ambayo kwa kawaida huangukia Novemba, yaani miezi sita kabla ya mtihani wenyewe.

Nayasema haya kwa uchungu. Mdogo wangu alijiandaa mwaka mzima. Shule iliyoahidi kumpokea, ambayo sitaitaja, ilisahau kumwingiza kwenye orodha; tulipokwenda kuuliza mwezi Februari tukaambiwa tujaribu mwaka unaofuata, wakati mwaka unaofuata yeye alikuwa ameshamaliza shule. Hakuna aliyeomba radhi. Mkiamua kuendelea, hakikisheni mmeona kwa macho yenu kwamba jina lake limo kwenye akaunti yake ya College Board pamoja na mtihani uliosajiliwa, wala msiridhike na maneno ya mwalimu mhusika kwamba "tumeshashughulikia".

Mwalimu wa Changanyikeni alijibu:

Mama, nimefundisha takwimu kwa miaka mingi, wanafunzi wa A-level na wa vyuo, na ninaishi jirani na chuo cha takwimu cha Afrika Mashariki hapa Changanyikeni, kwa hiyo unisamehe nikilielekeza jambo hili zaidi kwenye somo lenyewe. Maelezo ya Mrejea wa Sinza kuhusu krediti ni sahihi, na nitatofautiana naye mahali pamoja tu huko mbele.

Kabla ya kumlipa mtu yeyote, nenda shuleni ukaulize swali hili: katika A-level ya Hisabati, wanafunzi wenu wanafanya karatasi zipi? Hisabati ya Cambridge yenye namba 9709 ina njia mbili za kupata A-level kamili. Zote mbili zinapita kwenye karatasi ya 1 na ya 3, ambazo ni hisabati tupu na zinabeba asilimia 30 kila moja, pamoja na karatasi ya 5, ambayo ni sehemu ya kwanza ya uwezekano na takwimu. Asilimia 20 zinazobaki ndizo zinazotenganisha: wengine wanachukua karatasi ya 4 ya mekanika, wengine karatasi ya 6, ambayo ni sehemu ya pili ya uwezekano na takwimu. Shule nyingi huwapeleka wanafunzi wote kwenye mekanika kwa sababu walimu wake wamezoea kuwaandaa wahandisi. Binti wa uchumi anapata nini kwenye mekanika? Njia ya karatasi ya 6 inampa mgawanyo wa Poisson, nadharia ya sampuli, makadirio, na majaribio ya nadharia tete, na yote hayo atakutana nayo tena chuoni, iwe ni Illinois au ni Mlimani.

Faida ya pili ni kwamba cheti hicho kinafungua milango ya pande zote mbili. Hapa nyumbani Baraza la Mitihani linakitolea ulinganifu na kinatumika kuombea udahili. Marekani nako, vyuo vingi vinatoa krediti kwa A-level iliyofaulu vizuri kama vinavyotoa kwa AP, tena kwa somo zima la hisabati, ambalo lina uzito kuliko takwimu peke yake. Na ada yake mnailipa tayari. Kwa mtoto ambaye bado hajui atatua upande upi, mimi ningeanzia hapo.

Hata hivyo sitaki kuidharau AP, kwa sababu kuna mambo inayafundisha ambayo 9709 haiyagusi. Karatasi za takwimu za Cambridge zinampima mwanafunzi zaidi kwa kukokotoa. Karatasi ya 6 inadai hata kalkulasi, kwa kuwa kuna vigeu endelevu vya nasibu ambavyo uwezekano wake unapatikana kwa kuintegreti. AP haihitaji kalkulasi kabisa. Badala yake inadai maneno. Mwanafunzi anajifunza jinsi ya kuchukua sampuli, jinsi ya kupanga jaribio lenye makundi yaliyogawanywa kwa nasibu, mstari wa regresheni na maana ya mteremko wake, na jaribio la kai-mraba. Halafu anatakiwa aeleze kila jibu kwa muktadha wa swali. Kwa muundo uliotumika kwa miaka mingi, mtihani ulikuwa wa saa tatu: maswali 40 ya kuchagua kwa dakika 90 na maswali 6 ya kujieleza kwa dakika 90 nyingine. Karatasi ya fomula inatolewa, na kikokotoo chenye uwezo wa takwimu kinaruhusiwa, kwa hiyo kukariri hakumsaidii mtu. Katika muundo huo swali la sita lilikuwa refu, lilimpa mtahiniwa hali ambayo hajawahi kufundishwa, na peke yake lilibeba robo ya alama za sehemu ya kujieleza.

Nikupe mfano ili uone wanafunzi wetu wanapokwama. Tuseme mtu anataka kujua ni sehemu gani ya wakazi wa Dar es Salaam wanaotumia mabasi ya mwendokasi kwenda kazini. Anasimama kituo cha Gerezani saa moja asubuhi na kuwahoji watu 400, na 248 kati yao wanasema ndiyo. Mwanafunzi aliyezoea mitihani ya kukokotoa atafanya haraka: 248 kwa 400 ni 0.62, kosa sanifu (kipimo cha jinsi jibu linavyoyumba kutoka sampuli hadi sampuli) ni kipeuo cha pili cha 0.62 mara 0.38 gawanya kwa 400, yaani 0.024, zidisha kwa 1.96, upate 0.048, basi uwiano wa kweli uko kati ya 0.57 na 0.67 kwa uhakika wa asilimia 95. Hesabu ni safi, lakini mtahini wa AP atamnyima alama nyingi, na atakuwa na haki. Aliyesimama kituoni Gerezani amewahoji abiria wa Gerezani, hakuwahoji wakazi wa jiji. Mkazi wa Chanika au wa Kigamboni Kibada hakuwa na nafasi yoyote ya kuingia kwenye sampuli hiyo. Hata angewahoji watu 40,000, kasoro ingebaki ileile, kwa maana ukubwa wa sampuli hauponyi upendeleo.

Ugumu wa pili uko kwenye ule "uhakika wa asilimia 95". Karibu kila mwanafunzi mpya anaandika kwamba kuna uwezekano wa asilimia 95 kuwa uwiano wa kweli umo kati ya namba hizo mbili. Maana yake siyo hiyo. Uwiano wa kweli ni namba moja isiyohama. Ama umo ama haumo. Kinachobadilika ni sampuli. Tunachosema ni kwamba tukiirudia kazi hiyo mara nyingi kwa njia sahihi, kila mara tukachora mipaka yetu, basi takriban mara 95 katika kila 100 mipaka hiyo itaufumbata uwiano wa kweli. Kijana anayeweza kuliandika hilo kwa lugha yake mwenyewe ameelewa takwimu, na nimeona wenye shahada wasioweza.

Ndiyo maana ninatofautiana na Mrejea wa Sinza anapohesabu kuwa alipoteza kwa kulisoma somo hilo tena chuoni. Mimi huwaambia wanafunzi wangu walirudie hata wakiruhusiwa kuliruka. Takwimu za mara ya kwanza ni za kuzoea maneno, na zile za mara ya pili, zikiwa na kalkulasi nyuma yake, ndizo unazozibeba kazini.

Kuhusu masomo ya jioni ya wakala, kwa mtoto anayefanya vizuri kwenye 9709, miezi minane ni mingi. Muhtasari wa somo la AP na maswali ya kujieleza ya miaka iliyopita, pamoja na mwongozo wa jinsi yalivyosahihishwa, vinapatikana bure kwenye tovuti ya College Board. Akisoma saa nne kwa wiki kuanzia Januari, huku mwalimu mmoja akimsomea majibu yake ya maandishi, atafika Mei akiwa tayari. Msomaji huyo wa majibu ndiye wa kulipiwa, kwa sababu mwanafunzi hawezi kuliona kosa la maelezo yake mwenyewe.

Mrejea wa Sinza alijibu:

Mwalimu, shikamoo, nimekubali kukosolewa, ingawa ada ya somo lile la marudio niliilipa kwa dola na hujaniambia nimpelekee nani risiti.

Mama, nimesahau kitu kimoja. Iwapo binti atapata nafasi ya kumalizia sekondari yake Marekani kwa mama mdogo, ataambiwa pia kuhusu utaratibu wa mwanafunzi wa sekondari kusoma somo halisi la chuo cha jirani na kupata krediti moja kwa moja. Ni utaratibu mzuri, lakini una tofauti kubwa na AP. Alama mbaya ya AP unaweza kukaa nayo nyumbani usiitume chuoni. Alama ya somo la chuo inabaki kwenye rekodi yake ya chuo kikuu daima, na vyuo atakavyoomba baadaye vitaitaka.

Mama wa Kimara alijibu:

Nawashukuru sana, Mwalimu na wengine wote. Nimeyachapa majibu yenu na baba yake ameyasoma mezani kwa sauti, hasa ile hesabu ya sehemu moja ya kumi, ambayo aliirudia mara mbili huku akinitazama.

Jana nilikwenda shuleni. Kama Mwalimu alivyotabiri, wanafunzi wote wamepangiwa karatasi ya 4 ya mekanika. Mkuu wa idara alinisikiliza vizuri, akasema darasani kuna wanafunzi watano wasiotaka uhandisi, na kwamba hana pingamizi wao kufanya karatasi ya 6, ila mwalimu wa takwimu ana vipindi vingi na hawezi kuongezewa darasa. Wazazi wengine watatu nimeshazungumza nao kwa simu, na wako tayari tuchangie mwalimu wa Jumamosi kwa kiasi ambacho hakifiki hata robo ya ada ya wakala. Nilipomwambia binti kuwa mtihani wa AP unamtaka aandike maelezo na si kukokotoa tu, alinyamaza kidogo, kisha akasema hilo ndilo lililomfanya aupende zaidi. Kwa hiyo sijaufuta, nimeuahirisha mpaka mwakani, akiwa mwaka wa pili.

Nina swali moja lililobaki. Je, akifanya karatasi ya 6 na AP mwezi huohuo wa Mei, hatazidiwa?

Mwalimu wa Changanyikeni alijibu:

Atabanwa, lakini inawezekana, kwa sababu zaidi ya nusu ya mambo ni yaleyale. Cambridge inaruhusu kugawa karatasi: anaweza kufanya ya 1 na ya 5 mwishoni mwa mwaka huu wa kwanza akapata cheti cha AS, yaani nusu ya kwanza ya A-level, na mwakani zikabaki ya 3 na ya 6 tu. Mwulizeni mkuu wa idara kama shule inafuata mpangilio huo. Halafu ratiba za mitihani yote miwili zikitoka mzilinganishe siku kwa siku, maana waandaaji hawa wawili hawaulizani tarehe.

Kuhusu mwalimu wa Jumamosi, kabla ya kumkubali mpeni ule mfano wa Gerezani bila kumwonyesha jibu langu. Akianza kwa kushika kikokotoo, mtafuteni mwingine.

Fundi Takwimu wa Kigamboni alijibu:

Na Novemba, Mama. Iandike kwenye kalenda ya ukutani kabisa.